Eda Bila Kaburi

Kambarage, Shinyanga
Jumapili, 26 Novemba 2023

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, maana najua kwa hali uliyonayo unaweza kuisahau. Marahaba, binti yangu.

Huku tunaendelea. Mama yako mdogo Zuwena anasumbuliwa na goti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mvua inanyesha kila siku mpaka maji ya mtaro yanaingia jikoni. Tumepanga matofali sakafuni, tunapita juu yake kwenda kuchukua chumvi. Mimi nipo pale pale na cherehani yangu, kwenye baraza la duka la Praful. Siku hizi nashona viti na maturubai ya bajaji. Nilianza na kanzu, nikahamia suti, wenye suti wakahamia mitumba, nikashona sare za shule. Korona ikaja, nikashona barakoa. Sasa ni bajaji. Dunia imegeuka mara nne na mimi nimegeuka nayo mara nne, kwa hiyo usidhani baba yako mdogo ameshakuwa gofu.

Nimekupigia simu siku kumi na nane, kila siku haipatikani. Ndiyo maana nimekaa kuandika barua kama watu wa zamani, na kondakta wa basi la Katoro ameahidi kuisafirisha. Mwandiko usiucheke. Mara ya mwisho nilipoandika barua wewe ulikuwa hujaota meno.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mayala, mwenye duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa akichimba mumeo Muhidini, amenipigia. Anasema tangu lilipotitia ile tarehe nane wamefukua siku tisa, maji yakawazidi nguvu, wakaacha. Anasema ipo karatasi unayotakiwa kusaini wewe kama mke, kwamba familia imekubali utafutaji uishe na shimo lifukiwe. Bila saini hiyo serikali ya kijiji haimruhusu kuchimba hata pembeni yake. Anasema umekataa kuishika hata kalamu.

Saini, mwanangu. Kisha panda basi uje ukae eda hapa. Najua eda hukaliwa nyumbani kwa mume, lakini nimemuuliza sheikh wetu, anasema mjane aliyebaki peke yake kwenye chumba cha kupanga machimboni anaruhusiwa kwenda kwa watu wake. Chumba chako tumekifagia. Kaka yangu alipofariki, baba yako, mimi nilidhani sitashika mkasi tena. Wiki ya tatu nikaushika. Mtu hubadilika, Zuhura, akitaka asitake.

Ni mimi baba yako mdogo,
Nuruddin


Rwamgasa
11 Desemba 2023

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo naye shikamoo, na pole yake ya goti.

Barua nimeipata. Ilikaa siku sita Katoro kwa wakala wa basi. Mimi ni mzima. Simu nimeizima kwa sababu kila anayepiga ananipa pole, na mtu akipewa pole inabidi ajibu. Nikijibu nimeshapoa nitakuwa nimekubali.

Nalala na kuamka. Ugali nakula. Sijalia mpaka leo. Jirani yangu Mageni, anayeponda mawe, huja kila asubuhi kuniuliza kwa Kisukuma kama kuna mhola, kwamba hali ni shwari. Namjibu kuna mhola. Ananitazama machoni kwa muda, halafu anakwenda kuponda mawe yake.

Wewe umesikia kwa Mayala tu, kwa hiyo nikueleze nilivyoona mimi. Muhidini alishuka saa mbili asubuhi, Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Walishuka wawili. Mwenzake alitolewa siku ya pili, mguu umevunjika. Alisema matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta, yaliteleza upande wa kushoto, na Muhidini alikuwa upande wa kushoto. Hakuna kingine kinachojulikana. Siku ya tisa walizima pampu ya maji. Nilikuwa nimekaa juu ya kiroba cha mawe pale pale. Nikasikia pampu imenyamaza, nikarudi nyumbani nikafua nguo.

Hakuna mwili. Hakuna aliyemwosha wala kumvika sanda. Mimi sijawa mjane, baba mdogo, na siwezi kukaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Karatasi sisaini.

Nimepata kazi kwenye karasha, kile kinu cha kusagia mawe. Kinapiga kelele kutwa nzima na mtu hawezi kuzungumza na mwenzake. Kelele hizo nazipenda.

Yapo pia mafunzo ya wanawake kwenye ofisi ya kijiji, Jumanne na Alhamisi. Ni ya mradi. Mwalimu wetu ni dada mmoja kutoka Mwanza, anaitwa Nelly. Amebandika karatasi kubwa ukutani imeandikwa STADI ZA MAISHA KATIKA DUNIA INAYOBADILIKA. Jina langu liliandikwa la kwanza bila mimi kuulizwa. Nadhani walitaka mtu ambaye mabadiliko yamemfika. Wiki iliyopita tuliambiwa kila mtu achore mto wa maisha yake, na kona zake, na mahali pa mawe. Mageni alikuwa hajawahi kushika ile kalamu ya wino mnene. Akachora mstari mmoja ulionyooka mpaka mwisho wa karatasi, akasema mto wake hauna kona. Watu walicheka sana. Mimi karatasi yangu niliirudisha haina kitu, Nelly akasema si vibaya.

Msije huku. Barabara imeharibika na mimi ni mzima.

Zuhura


Kambarage, Shinyanga
Jumapili, 24 Desemba 2023

Mwanangu Zuhura,

Barua yako tumeisoma kwa sauti, mimi na mama yako mdogo, tukafika kwa Mageni na mto wake tukacheka mpaka tukaona aibu. Mwambie huyo mama namsalimu. Na huyo Nelly mwambie stadi zake mimi nilikuwa nazo kabla hajazaliwa, angekuja Kambarage nikamfundisha bure. Nasikia mafunzo kama hayo huanza na kujitambua. Kujitambua ni kitu gani? Mimi ninajitambua vizuri tu, ni fundi mwenye presha na mke mkali.

Habari za hapa si mbaya. Maji ya jikoni yamepungua. Praful ameacha kabisa vitambaa, duka zima sasa ni sola na betri, mpaka majora ya mwisho ameyauza kwa bei ya kutupa. Mama yako mdogo aliwahi kitambaa cheupe, amekushonea magauni mawili ya eda, mapana, ya mikono mirefu. Yamekunjwa kitandani kwako. Ijumaa tulikuwa na shughuli kidogo pale msikitini, watu walijaa, akapika pilau sufuria mbili kubwa. Mengine tutazungumza ukija. Ana pia maswali yake ya kike anayotaka nikuandikie, nimemwambia barua hii ni ya mambo ya maana, atakuuliza mwenyewe mkikaa jikoni.

Zuhura, umesema hakuoshwa. Nimemfikishia sheikh neno hilo. Amenijibu kwamba aliyefunikwa na kifusi huhesabiwa kuwa amekufa shahidi. Nilipolisikia nilipata nguvu kidogo, nikaona nikuandikie na wewe upate.

Umesema vilevile kwamba hujawa mjane. Hapo sina la kukuambia kwa barua. Ila nakujua tangu ukiwa na miaka saba, ulipofiwa na baba yako ukakataa kuvua viatu siku tatu kwa sababu ulisema mnaondoka naye. Tulikuacha. Siku ya nne ulivivua mwenyewe. Safari hii siwezi kukuacha, maana wewe ni mtu mzima na uko mbali, na kwenye hilo karasha vumbi lake litakuua kifua. Njoo nyumbani.

Baba yako mdogo,
Nuruddin


Rwamgasa
20 Januari 2024

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo pia.

Mimi ni mzima. Mvua imepungua. Nimeacha karasha, sasa nashona viroba vya mawe vilivyochanika. Nakaa kivulini peke yangu, napewa uzi wa katani, sindano najinunulia.

Jumatano nilikwenda Katoro kununua sindano. Praful alikuwa sokoni, ameleta sola zake. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema, "Pole sana dada Zuhura. Ile Ijumaa nilifunga duka, nikakaa nje ya msikiti mpaka mlipomaliza."

Nikamuuliza, "Tulimaliza nini?"

Aliuachia mkono wangu. Kisha akaanza kunieleza habari za betri.

Kwa hiyo mmemswalia mume wangu. Swala ya ghaibu bila maiti, na hitima, na pilau sufuria mbili. Mtaa mzima wa Kambarage unajua kwamba mimi ni mjane, mpaka Praful ambaye hata haswali. Barua yako ya Desemba nimeirudia. Uliandika shughuli kidogo.

Kwenye mafunzo tumefika somo la kusema hapana. Nelly anasema unamtazama mtu usoni, unalisema mara moja, hutoi sababu na huombi radhi. Mageni alishindwa, kila akisema hapana anacheka na kukubali. Mimi nilipigiwa makofi.

Hapana, baba mdogo.

Zuhura


Kambarage, Shinyanga
Jumapili, 11 Februari 2024

Mwanangu Zuhura,

Salamu za mama yako mdogo zimetangulia, maana mimi hajanisemesha vizuri tangu barua yako ifike. Goti lake limepona. Praful amekuja kuniomba radhi mara mbili, nikamwambia aliyekosea si yeye.

Nimesubiri wiki mbili nikidhani hasira zitapoa utaandika nyingine. Hujaandika, basi acha niseme mimi.

Ni kweli tulimswalia, tarehe 22 Desemba. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema usemavyo sasa. Kila niliyekutana naye njiani aliniuliza, mzee Nuruddin, habari za kijana wako? Nikisema amefariki, wananiuliza mmezika lini. Nikisema hatujui, wananitazama. Mwezi mmoja na nusu nilitembea nikikwepa watu kwa kupita uchochoro wa nyuma ya mashine ya mpunga. Nilichoka. Nikamwendea sheikh nikasema tumswalie, watu wajue moja. Nilifanya kwa ajili yangu, na jina lako nikalitumia. Nimeliandika hilo, nalo limenitoka kwa shida.

Lakini lipo jambo la dini unalopaswa kulijua, na usipoijibu barua hii angalau ulijue. Sheikh anasema eda ya mjane huanza siku mume alipofariki. Hahesabu siku aliyopewa habari, wala siku aliyosaini karatasi, wala siku aliyokubali moyoni. Miezi minne na siku kumi inakwenda yenyewe, uikae usiikae. Nimekaa naye na kalenda ya msikiti, tumehesabu kwa miezi ya mwandamo kuanzia tarehe 8 Novemba. Inaisha Ijumaa tarehe 15 Machi, Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, mwezi ukiandama tunavyotarajia.

Zimebaki siku thelathini na tatu. Njoo uzikae hata hizo. Ukisubiri zaidi utakuta imekwisha, na mwenyewe ulikuwa unashona viroba.

Yale magauni meupe bado yapo kitandani.

Baba yako mdogo,
Nuruddin


Kambarage, Shinyanga
Jumapili, 10 Machi 2024

Zuhura mwanangu,

Hujajibu. Kondakta anaapa barua ilifika. Sitakusumbua kwa habari za nyumbani, wote wapo, kesho au keshokutwa tunafunga.

Mama yako mdogo amenisomea barua zangu zote nilizokuandikia, maana huwa naandika nakala kwanza kwenye daftari la vipimo vya wateja. Akafika pale niliposema nimegeuka mara nne na dunia. Akafunga daftari, akasema, "Mwambie mtoto ukweli, Nuruddin. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Basi huu hapa. Unajua nilimchukua Muhidini akiwa kijana, nikamfundisha miaka kumi na moja. Mkono wake ulishinda wangu, hilo sikuwahi kumwambia. Mwaka 2021 Praful alianza kuingiza sola, akaniita, akasema mzee, vitu vinaongezeka, barazani nafasi itabaki ya cherehani moja. Chagueni wenyewe ya nani.

Sikumwambia Muhidini hayo. Nilimpeleka kunywa kahawa. Nikamwambia dunia inabadilika, kijana, ushonaji unakufa, wewe bado una nguvu, nenda Geita ukajifunze kazi nyingine, anayeng'ang'ania kitu kimoja atabaki nyuma. Nilisema kwa ufasaha sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mzee wangu. Wiki iliyofuata mkaondoka.

Mimi nilibaki barazani. Sikugeuka mara nne, Zuhura. Nilikaa pale pale nilipokuwa, akaondoka yeye. Wateja wa bajaji ni wateja aliokuwa amewapata yeye.

Tangu Novemba nimekuwa nikikuhimiza ukubali, usaini, urudi, uvae nyeupe. Nadhani nilitaka liishe upesi ili nisifike mahali pa kuandika ukurasa huu. Sina ombi. Ijumaa hii eda yako inakwisha, utakuwa huru, na kama hutaki kuniona tena nitaelewa. Magauni nimemwambia mama yako mdogo ampe mwingine mwenye shida.

Nuruddin


Rwamgasa
Jumanne, 19 Machi 2024

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo, shikamoo. Ramadhani njema.

Ningeweza kupiga simu, ila haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya Februari niliiweka chini ya godoro bila kuifungua. Ya pili ilinifikia Ijumaa, siku yenyewe ya tarehe 15, nikaifungua nimesimama mlangoni. Nikaisoma mara mbili. Kisha nikaitoa na ile nyingine.

Kuhusu baraza la Praful. Sikujua. Muhidini aliniambia amechoka na cherehani, mgongo unamuuma, anataka kuona dunia. Aliniambia hivyo miaka miwili na nusu, na kila nilipomwambia turudi Kambarage alirudia maneno yale yale. Sasa naona kwamba alikuwa anakustiri. Sijui nikujibu nini. Natafuta hasira na wewe, siioni. Ikija nitakuandikia.

Hasira iliyokuja ilikuwa ya neno moja, pale uliposema nitakuwa huru. Tangu Novemba sikuwa nimehisi kitu chochote, baba mdogo, wala njaa, wala baridi, na Ijumaa ile nikasimama mlangoni nimewaka hasira, na huku najishangaa.

Maana eda yangu haijaisha. Wewe na sheikh mlikaa na kalenda mkahesabu miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyeuliza kama mjane ana mimba. Mwenye mimba eda yake inaisha siku anapojifungua. Hata mimi ninalijua hilo, na sikusoma madrasa kama nyinyi. Najua kwa nini hamkuuliza. Ni miaka tisa ya ndoa. Mimba mbili zilitoka, mkaacha kuuliza, na mimi nikashukuru kwamba mmeacha. Nadhani mama mdogo peke yake ndiye alitaka kuuliza.

Nina miezi mitano na kitu. Karasha nililiacha kwa sababu hiyo. Muhidini hakujua. Baada ya zile mbili nilijiapia sitamwambia mapema tena, nitangoja miezi mitatu ipite, na tarehe 8 Novemba ulikuwa mwezi mmoja tu. Alishuka asubuhi ile nikampa uji, sikumwambia. Hilo ndilo jambo ninalokaa nalo. Karatasi ya Mayala niliikataa kwa sababu nikisaini, nitakuwa nimemfanya mtoto yatima kwa mkono wangu mwenyewe, na baba yake hakuwahi kuambiwa kwamba yupo.

Kliniki nilikuwa sijaenda hata siku moja. Huku mwanamke akianza kliniki anaambiwa aje na mwenza wake wapimwe wote wawili, na asiye na mwenza apeleke barua ya mtendaji wa kijiji. Nilikuwa nafika getini, naona wanawake wamekaa na waume zao kwenye benchi, narudi.

Jumatatu Mageni alinishika mkono akanipeleka kwa nguvu. Alikuwa ameshajua siku nyingi, ndicho alichokuwa akikitazama usoni mwangu. Nesi akauliza, "Mwenza wako yuko wapi?" Mageni akafungua mdomo, nikamwahi. Nikasema, "Amefariki." Nesi akaandika, hakuinua hata kichwa. Akasema nikalete barua ya mtendaji atafungua kadi.

Nilitoka pale nikaenda kwa mtendaji. Mtendaji akasema hawezi kuandika kwamba mume amefariki wakati mke mwenyewe amegoma kusaini kwamba amefariki. Alisema kwa upole. Akamtuma mtu amwite Mayala, akaja na ile karatasi, imechakaa kwenye mikunjo. Nikasaini. Mtendaji akaandika yake, akapiga muhuri. Nikarudi zahanati siku hiyo hiyo, kadi ninayo. Mtoto anacheza vizuri, nesi kasema. Mimi nasikia anacheza, ila bado sijasikia furaha. Nakuambia hivyo usije ukaniuliza.

Mafunzo yameisha wiki iliyopita, tumepewa vyeti. Mageni amekibandika chake ukutani juu ya kitanda, jina wamelikosea. Changu kimo kwenye begi. Nelly aliniuliza ni stadi gani nitaondoka nayo, nikasema nitafikiri. Aliandika kwamba mshiriki anaendelea kutafakari.

Sasa kilichobaki. Mayala anataka kulifukia duara. Nimemwambia angoje mpaka Jumamosi tarehe 30, amekubali. Analeta trekta la kusukuma kifusi. Nilimwuliza kama trekta linaweza kusubiri pembeni kwanza, watu watie udongo kwa mikono, akasema linaweza.

Muhidini hana baba wala kaka. Hakuna mwanaume wa kusimama pale ila wewe. Uliyoyafanya uliyafanya, na yeye hakukusema vibaya hata kwa mke wake, kwa hiyo sidhani kama angemtaka mwingine. Njoo na sheikh kama anaweza. Mama mdogo aje pia, na yale magauni, kama hajampa mtu. Kama ameshayatoa ashone mengine, mapana zaidi ya yale.

Niliandika kwamba msije. Simu nimeiwasha leo. Mkifika Katoro nipigieni, nitakuwa barabarani nawasubiri. Baba mdogo, uje umzike mwanao, kisha unichukue nyumbani. Peke yangu sitaweza.

Zuhura